Neno Alilopigiwa Makofi

Meneja wa idara ya maji alilitamka lile neno siku ya Ijumaa, mwishoni mwa kikao cha wafanyakazi, watu wakiwa wameshaanza kusogeza viti. Alikuwa amewakaripia mafundi wa mabomba, akawakaripia wasichana wa dirisha la malipo, kisha akaona kikao kitaisha vibaya asipopatikana wa kusifiwa. Macho yake yakamwangukia msoma mita aliyekaa kiti cha mbele kabisa, amepakata mkoba wa meneja.

"Mnamwona huyu mzee wetu?" alisema meneja. "Kwa Kiingereza mtu kama huyu anaitwa obsikwias. Ndivyo ninavyotaka muwe, kila mmoja wenu. Obsikwias."

Hakuna aliyejua maana ya neno lile, na hakuna aliyetaka mwenzake ajue kwamba hajui, kwa hiyo wote wakapiga makofi. Dereva wa meneja ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Msoma mita akainuka nusu, akainamisha kichwa huku na huku, mkoba ukiwa kifuani kama mtoto mchanga, akaketi tena akiwa na joto masikioni.

Tangu aanze kazi ile hakuwahi kupigiwa makofi. Alikuwa amefukuzwa na mbwa, amemwagiwa maji ya vyombo, na siku moja alifungiwa uani na mama aliyedai kwamba mita inamwibia. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye nyua za watu, kuinama, kupangusa kioo kwa kidole gumba, kusoma tarakimu na kuondoka kabla hajatukanwa. Kusifiwa kulikuwa jambo la watu wengine.

Nje, alimvuta dereva kando ya gari.

"Lile neno umelisikia?"

"Si nimelipigia makofi?"

"Sasa maana yake hasa ni nini?"

Dereva akalikagua tairi la mbele kama mtu aliyeulizwa habari za tairi. "Ni mtu anayetakiwa kupewa cheo," alisema. "Nafasi ya msimamizi si iko wazi? Basi. Hapo jina lako limeshasomwa."

Msoma mita alifika nyumbani akipiga mluzi. Mkewe, ambaye alikuwa dobi, alikuwa barazani akipiga pasi nguo za watu, na alipousikia mluzi aliinua uso kwa wasiwasi.

"Umekunywa?"

"Nimesifiwa. Mbele ya ofisi nzima. Kwa Kiingereza."

"Umeambiwa nini?"

"Obsikwias."

Pasi ikasimama juu ya kola. "Hicho ni nini, ugonjwa?"

"Ni sifa."

"Inaingia kwenye mshahara?"

"Itaingia. Nafasi ya msimamizi iko wazi."

Mkewe akageuza shati, akaanza upande wa pili. "Mimi nimefua mashuka ya hoteli mpaka kucha zimelainika," alisema, "sijaambiwa hata obsi."

Lakini alifurahi, na usiku huo alimpa kipande cha nyama kilichokuwa kimetengwa kwa ajili ya kesho. Mwisho wa juma mume alilitembeza neno lake mtaani kama mtu aliyenunua kiatu kipya. Alimwambia kinyozi kwamba kazi yake ni ya obsikwias. Alimwambia jirani kwamba mtoto wake mchanga ana dalili zote za kuwa obsikwias, na jirani akashukuru, akamvisha mtoto kofia.

Jumatatu mchana binti yao, aliyekuwa sekondari, alirudi kutoka shule na mkoba wake kabla ya wakati.

"Nimefukuzwa mpaka nije na mzazi," alisema.

"Umefanya nini?" aliuliza mama.

"Nimecheka."

"Nani anafukuzwa kwa kucheka?"

Binti akaeleza. Mgeni rasmi alikuja kufungua maabara. Mvua ilikuwa imenyesha, na alipotoka kwenye gari alikanyaga tope. Mwalimu mkuu akavua mtandio wake, akachutama mbele ya wanafunzi wote waliopanga mistari, akamfuta mgeni kiatu. Mgeni akadhani amemaliza, akavuta mguu, na mwalimu mkuu akaufuata mguu huku bado amechutama.

"Akaruka hivi," binti alisema, akaonyesha. "Kama chura."

Mama akageukia ukutani akajifanya anatafuta kibanio cha nguo.

"Na ulicheka peke yako?" aliuliza.

"Tulicheka wote. Mimi ndiye niliyesikika."

"Hapana cha kucheka hapo," alisema msoma mita, aliyekuwa amerudi kula. "Kumfuta mkubwa kiatu ni heshima."

"Na wewe ungemfuta," alisema mkewe.

"Ningemfuta bila kuruka."

Mkewe alitaka aende yeye shuleni. Alisema atazungumza na mwalimu mkuu mwanamke kwa mwanamke, na yataisha. Mume akakataa. Pale panataka Kiingereza, alisema, na Kiingereza anacho, tena kipya.

"Unacho kimoja," alisema mkewe. "Na maana yake hujui."

Hilo lilimchoma. Akamwagiza binti atoe kamusi yake ya mfukoni. Binti akatafuta neno kwenye O, akatafuta kwenye A, akajaribu kuliandika kwa K, kisha kwa S mbili. Halikuwemo. Simu ya baba ilikuwa ya tochi, na ya mama ilikuwa imeisha bando.

"Kamusi ndogo," baba alisema, akaifunga. "Maneno makubwa hayaenei."

*

Asubuhi yake msoma mita alivaa koti alilofungia ndoa. Kwenye ofisi ya shule alimkuta katibu, msichana wa umri wa kuwa binti yake, na akawahi kumwamkia yeye. Akaambiwa akae kwenye benchi. Akakaa. Akaambiwa si benchi hilo, ni lile la nje. Akahamia la nje. Mara zote mbili alisema asante.

Walipoitwa ndani, yeye na binti, mwalimu mkuu alikuwa nyuma ya meza yake, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Pembeni, kwenye meza ndogo, msaidizi wake alikuwa akisahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu, na hakuinua kichwa.

"Mzazi, mwanao ana kiburi," alisema mwalimu mkuu.

"Anacho, mwalimu. Kingi. Amekitoa kwa mama yake."

"Amenicheka mbele ya mgeni rasmi."

"Tumemkaripia, mwalimu. Hata chakula jana hakikumpita kooni."

Binti akatazama dari. Alikuwa amekula sahani mbili.

Mwalimu mkuu alizungumza kwa muda mrefu juu ya nidhamu, juu ya vijana wa siku hizi na juu ya gharama ya maabara. Kwa kila alilosema msoma mita aliitikia kabla halijafika mwisho. Na alipoona mwalimu mkuu amenyamaza ili ameze mate, akajua wakati wake umefika. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mwalimu mkuu, nataka niseme jambo moja kutoka moyoni. Kazi yangu inanipeleka kwenye nyua za watu wakubwa na wadogo mji huu wote. Sijaona kiongozi kama wewe. Wewe, mwalimu mkuu, ni obsikwias."

Kalamu nyekundu ilianguka. Msaidizi akainama kuitafuta, akakaa chini ya meza muda mrefu kuliko kalamu moja inavyohitaji.

"Mimi ni nini?" aliuliza mwalimu mkuu.

Msoma mita akadhani amekosea matamshi. "Ob-si-kwi-as," alisema taratibu na kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu anayemsaidia mwenzake. "Tena sana. Kuliko wote."

Chini ya meza kukatoka mlio kama wa mbuzi anayepiga chafya.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa, mwalimu. Ni jambo ambalo kila mtu analiona."

"Kila mtu nani?" Sasa mwalimu mkuu alikuwa akimtazama msaidizi wake, au ile sehemu ya msaidizi iliyokuwa bado inaonekana.

Hakungoja jibu. Akaenda kwenye kabati, akatoa kamusi nene, akaifungua karibu kabisa na mahali penyewe, kama mtu aliyewahi kupita hapo. Akaisukuma mbele ya binti.

"Msomee baba yako. Kwa Kiswahili."

Binti akatafuta kwa kidole. "Kumbe lina Q," alisema. Kisha akasoma kimoyomoyo. Alipoinua macho alimwona baba yake amesimama kidevu juu, anangoja sifa za mwalimu mkuu zisomwe, na zake humo humo.

"Ni mtu mwenye heshima," alisema binti.

"Soma kilichoandikwa."

"Ni mtu mwenye heshima iliyozidi." Sauti ilishuka. "Anayejipendekeza kwa wakubwa. Anayejikomba kwao, mpaka anatia kinyaa."

Tabasamu la msoma mita lilibaki usoni kwa muda, kama mgeni asiyejua kwamba shughuli imekwisha.

"Ndilo hilo hilo?" aliuliza.

"Ndilo, baba."

"Halina maana nyingine?"

Binti akaufuata mstari tena mpaka mwisho, akageuza hata ukurasa. "Halina."

Msoma mita akakifungua kifungo cha koti. "Mwalimu," alisema, "sikuja kukutukana. Mimi mwenyewe niliitwa hivyo kazini Ijumaa. Nilipigiwa makofi."

Msaidizi alikuwa ametoka chini ya meza na sasa hakuwa akicheka. Mwalimu mkuu alivua miwani, na kwa muda mfupi alionekana kama mtu anayetaka kusema neno la ubinadamu. Kisha akakumbuka nani alikuwa anasikiliza.

"Wiki mbili," alisema. "Akae nyumbani wiki mbili. Na wewe, mzazi, ukipewa neno lingine, ulikague kwanza."

Walikuwa wamefika getini msaidizi alipowakimbilia, akaushika mkono wa msoma mita kwa mikono yake yote miwili. "Mzee," alisema, "tumetamani mtu amwambie tangu siku alipofika." Akageuka akarudi mbio kabla hajaonekana. Msoma mita alibaki na mkono umenyooka.

Wakatembea. Jua lilikuwa linawaka na koti lilikuwa zito, lakini hakulivua.

"Ulijaribu kunifichia," alisema.

"Nilijaribu, baba."

"Nimeona."



*

Mkewe aliposimuliwa, kwanza alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kando ya beseni. Hakuacha hata alipoona mumewe amekaa na koti lake, mikono juu ya magoti kama mtu aliyeko zahanati.

"Yaani neno lote hilo refu," alisema, akijifuta macho kwa mgongo wa mkono, "kumbe ni kujikomba tu."

"Ulikuwa unajua?"

"Neno nilikuwa silijui. Wewe nilikuwa nakujua." Akahesabu kwa vidole vyenye povu. "Unamwoshea gari siku ya mapumziko. Unambebea mkoba, na yeye ana mikono. Unacheka kabla hajamaliza kusema. Kwenye msiba wa mama mkwe wake ulilia mpaka ndugu wa marehemu wakauliza wewe ni nani kwao. Ulidhani Waingereza hawakuyapa jina hayo yote?"

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

Hapo aliacha kucheka. Akaokota shati kwenye beseni, akalikamua polepole.

"Ningekuambiaje? Walipopunguza watu ofisini kwenu, wenye shingo ngumu waliondoka. Wewe ukabaki. Hili bati juu yetu limetoka wapi? Ada ya huyu imetoka wapi? Hilo neno limetulisha, mume wangu. Nilikuwa silijui jina tu."

Msoma mita alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Akaingia ndani, akalitundika koti.

Jumatano mama alikwenda shuleni mwenyewe, bila koti na bila Kiingereza. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba amesikia mtandio wake mzuri uliharibika kwa tope, na kwamba tope la hapa ukilipeleka kwa dobi asiyejua, linakaa milele. Mwalimu mkuu akafungua droo ya chini. Mtandio ulikuwa humo, umekunjwa kama kitu kilichofichwa. Siku iliyofuata ulirudi mweupe, umenyooshwa, na binti akarudi darasani. Adhabu yake ikawa kufagia maabara kila asubuhi.

"Sasa hiyo siyo obsikwias?" mumewe alimwuliza.

"Hiyo ni biashara," alisema mkewe. "Nimefua kitu, nimelipwa kitu. Wewe unalipwa nini kwa kubeba mkoba?"

*

Juma lililofuata, msoma mita alikwenda kazini ameazimia kusema. Hakujua atasema nini, lakini alipanga asibebe mkoba, na hilo peke yake lilimfanya atoke jasho tangu asubuhi. Meneja alishuka kwenye gari, akanyoosha mkoba pembeni bila kutazama, kama alivyozoea. Mkoba ukakaa hewani. Meneja akatazama, akamwona msoma mita amesimama hatua mbili kutoka kwake, mikono nyuma.

"Mzee, unaumwa?"

"Siumwi, meneja."

"Njoo ofisini." Mkoba aliubeba dereva.

Ofisini kulikuwa na maboksi mawili makubwa. Meneja akafungua moja kwa kisu cha kukatia karatasi, akatoa fulana ya buluu, akaikunjua. Mgongoni palikuwa na maandishi ya manjano kwa Kiingereza, makubwa, ya kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Msoma mita hakuwa msomaji mzuri wa Kiingereza, lakini Q aliiona mara moja.

"Sisi ni Obsikwias," alisoma meneja kwa fahari. "Mkurugenzi anakuja Alhamisi kufungua pampu mpya. Idara nzima itavaa. Wewe utasimama mbele."

"Meneja, hili neno ulilitoa wapi?"

Meneja akaegemea kiti. Lilikuwa swali alilokuwa akilingoja. "Kwa mkurugenzi mwenyewe. Mwezi uliopita, mbele ya bodi. Alinishika bega hivi, akasema, huyu meneja wangu ni obsikwias. Bodi nzima ikacheka kwa furaha."

Msoma mita akaitazama fulana, kisha akamtazama mwenye fulana. Ingetosha aseme ni nzuri. Alhamisi ingefika, meneja angegeuka mbele ya mkurugenzi kuonyesha mgongo wake, na deni la Ijumaa ile lingelipwa na riba. Alikaa na wazo hilo, akalionja. Lilikuwa tamu. Lakini kwenye maboksi yale mlikuwa na migongo mingine: ya mafundi wa mabomba, ya wasichana wa dirisha la malipo, ya wazee wa kituo cha pampu waliokuwa hawajawahi kumbebea mtu hata mwavuli. Na mmoja ulikuwa wake.

Akaenda akafunga mlango. Hakuwahi kuufunga mlango ule akiwa upande wa ndani.

"Kaa, meneja," alisema, ingawa meneja alikuwa amekaa. Akamweleza maana kama alivyoisikia kwa binti yake, na kinyaa hakukiacha.

"Nani kakudanganya?"

"Kamusi."

"Kamusi gani?"

"Nene."

Meneja akachukua simu yake, akaandika herufi akizinakili kutoka kwenye fulana. Alisoma. Aliteremsha kidole akasoma tena. Uso wake ulilegea kidogo kidogo, kuanzia mashavuni.

"Bodi ilicheka," alisema hatimaye, si kwa mtu yeyote. "Nikamwambia mke wangu. Nikawaambia wakwe zangu."

"Mimi nilimwambia kinyozi," alisema msoma mita.

Nje mtu alikuwa akibishana na wasichana wa malipo juu ya bili.

"Fulana zimeshalipiwa," alisema meneja. "Kwa fungu la mafunzo. Siwezi kuzirudisha, na siku ya mgeni lazima zionekane."

"Tuzivae ndani nje. Mishono iwe juu."

Meneja akamtazama kama anayemwona mara ya kwanza. Kisha akainama mbele, akashusha sauti. "Mzee, haya mazungumzo yabaki humu. Na ile nafasi ya msimamizi, mtu mwenye busara kama wewe, anayejua kutunza mambo ya ofisi..." Akaiacha sentensi hapo, kama mlango wazi, ili mzee aingie mwenyewe.

Msoma mita alichukua boksi moja, akatoka nalo.

*

Alhamisi walipanga mstari mbele ya pampu mpya, wote wamevaa buluu, nyuzi na lebo nje. Hakuna aliyeambiwa sababu, na kwa desturi ya idara ile hakuna aliyeuliza. Maandishi yalionekana kwa nyuma kama kivuli tu.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa kupenda kuchekesha. Kabla ya kukata utepe alisimama mbele yao, mikono kiunoni, akaanza kusimulia kichekesho. Alikuwa hajafika hata kati meneja alipoangua kicheko. Dereva akafuata, kisha mafundi, kisha wasichana wa malipo, mstari mzima ukaenda kama mabati kwenye upepo.

Msoma mita alikisikia kicheko chake kinapanda. Kilijua njia, kilikuwa kimeipita miaka yote bila kuitwa. Akakibana nyuma ya meno. Kwa kuwa hakuwa akicheka, ikabidi asikilize, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akasikia kichekesho cha mkubwa mpaka mwisho. Akangoja kidogo, endapo kingekuwa na kipande kilichobaki.

Mkurugenzi alimwona. Katika mstari wa midomo iliyo wazi, mmoja ulikuwa umefungwa.

"Mzee, hujaelewa?"

"Nimeelewa, mkurugenzi."

"Mbona hucheki?"

Nyuma ya mkurugenzi, meneja alikuwa anacheka kwa meno yote na kumsihi kwa macho yote.

"Hakijanichekesha," alisema msoma mita. Alisema kwa adabu, kwa sauti ile ile aliyotumia mlangoni mwa watu anapowaambia mita imefika wapi.

Mkurugenzi akamtazama usoni, akaitazama fulana, akayatazama mafundo ya nyuzi begani. "Na hizi nguo mmezivaaje?"

"Upande wa pili una kosa la maandishi."

Hapakuwa na aliyecheka. Mkurugenzi akageuka, akaenda kukata utepe, na mkasi haukuwa mkali, akakata mara tatu.

Jioni ile ile meneja alitangaza kwamba msimamizi mpya wa wasoma mita ni dereva wake.

*

"Kwa hiyo hukucheka," alisema mkewe. Alikuwa anapiga pasi, na binti alikuwa amekaa sakafuni akikunja soksi za watu.

"Sikucheka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Ungecheka kidogo tu. Kwa pua. Hakuna anayekagua."

"Nilishindwa."

"Na dereva hajawahi kusoma mita."

"Hajawahi."

Mkewe akaisimamisha pasi. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa haijui imwendee nani. Ile nyongeza ya mshahara alikuwa ameshaitumia kichwani mara kadhaa: pampu ya maji ya ua wao wenyewe, viatu vya binti, mashine ya kufulia hata iwe imetumika.

"Hebu nisimulie hicho kichekesho," alisema.

"Hakifai."

"Nisimulie. Nimekilipia."

Msoma mita akakohoa kusafisha koo. "Mtu mmoja alikwenda kwa daktari. Akamwambia, daktari, kila nikinywa maji nasikia kitu tumboni kinafanya tik, tik, tik. Daktari akamwambia, usiogope, hiyo ni mita. Mwisho wa mwezi utaletewa bili."

Wakamtazama.

"Halafu?" aliuliza mkewe.

"Basi."

"Hakuna kingine?"

"Nilingoja. Hakuna."

"Na watu wazima walisimama juani wakacheka hicho?"

"Dereva alitokwa na machozi."

Binti ndiye aliyeanza. Alijaribu kukizuia kwa soksi ya mtu, kikamtoka puani. Mama akamwambia anyamaze, na katikati ya kusema akakumbuka dereva na machozi yake, akajishika kwenye meza ya pasi. "Utaletewa bili," alisema, na hakuweza kuendelea. Msoma mita aliwatazama, mmoja kisha mwingine, na kitu kikaanza kumpanda kutoka tumboni, mahali ambapo hakikuzoea kutokea. Alicheka vibaya, kwa kukwaruza, kama bomba linalotoa hewa kabla maji hayajafika. Kisha maji yakafika. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, mpaka macho na pua vikamchuruzika, akanyoosha mkono akachukua nguo iliyokuwa karibu.

"Weka chini hiyo," alisema mkewe akihema. "Nimeshaipiga pasi. Ni shati la meneja."

Msoma mita akalitazama shati, kola yake ilivyosimama na mikono yake ilivyonyooka. Kisha akapenga kamasi.